Karani na Mrija wa Kifuani

Kila Jumanne, kabla hajamsalimu mtu, Karani alianza na mizani. Hakuipanda. Aliinama kwa shida, akaikandamiza kwa kiganja, akauondoa mkono, kisha akasubiri sindano irudi kwenye sifuri. Isiporudi sawasawa alinigeukia na uso wa mtu aliyemfumania mwizi.

"Sista, hii mizani yenu ni mwongo."

Nyuma yake wagonjwa wengine wamejipanga, mashine zinangoja, mimi nimeshika faili, na yeye anatafuta skrubu ya kurekebisha sindano kwa ukucha wa kidole gumba. Mwishowe nilimshika kiwiko nikampandisha. Alipanda akinung'unika, akavua kofia kwanza, akavua na saa yake ya mkono wa kulia akaiweka mfukoni, kisha akakumbuka kwamba mfuko nao uko juu ya mizani, akanipa mimi niishike. "Toa gunia," aliniambia, maana wanaopima majani ya chai hutoa uzito wa gunia kabla ya kuandika kilo. Nilimwambia hapa hakuna gunia.

"Sasa mimi ni nini?" akauliza.

Alikuwa Karani kwa kila mtu, hata kwa mkewe. Miaka mingi alikaa kwenye kituo cha kununulia majani mabichi kule kwetu, kile kibanda cha mabati chenye meza ndefu, akikagua majani ya wakulima, akiyapima, akiyaandika, na zaidi ya yote akiyakataa. Nilipokuwa msichana wa kumsaidia mama kubeba kikapu nilimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Baadaye nikawa muuguzi wa chumba cha kuoshea damu. Yeye alistaafu, figo zake zikafa, akaletwa kwangu. Nakiri kwamba siku ile ya kwanza, nilipoona ni yeye, kuna sehemu ya moyo wangu iliyosema, haya, leo ni zamu yangu kukupima.

Furaha hiyo ilidumu kama wiki moja.

Mtu ambaye figo zake zimekufa hatoi maji. Akinywa, maji yanakaa mwilini, na sisi tunayajua kwa kumpima: kilo alizoongeza tangu aoshwe mara ya mwisho ni maji ambayo mashine lazima iyavute. Nilimwambia, "Karani, umeongeza kilo tatu na nusu. Ni maji."

"Ni ugali."

"Ni maji."

"Sista, mimi nimepima vitu tangu wewe hujazaliwa. Ugali ni nzito."

Siku za mvua, mama yangu alipomwaga majani yake mezani yakiwa yameloa, huyu huyu Karani aliyashika, akayakung'uta mara moja, akasema, "Kilo mbili ni maji, mama," na akazikata hapo hapo bila kuinua macho. Mama alibisha kwa Kiswahili chake cha Kikisii. Alisema yale ni majani yaliyonona. Sasa mimi binti yake nilikuwa nakata kilo za Karani, na yeye alibisha vilevile, neno kwa neno, na wala hakuona kichekesho chochote hapo.

Watu wasiomjua wangedhani alikuwa mtu mkavu. Hapana. Alikuwa akituletea mursik, maziwa ya kugandisha ya kibuyu, katika chupa ya soda, imefungwa vizuri na karatasi ya nailoni, nusu ya wauguzi wakawa wanaisubiri kila Jumanne. Yeye mwenyewe alikatazwa maziwa. Alitumiminia, akatutazama tunavyokunywa, akameza mate. Ukimsifu alisema ni kazi ya mkewe, kwamba yeye kazi yake ilikuwa kukagua kibuyu tu. Mgonjwa mpya akija analia, Karani ndiye aliyehamia kiti cha karibu naye. Alimsalimu, "Chamgei," akamweleza kila kengele ya mashine ina maana gani, na karibu nusu ya maelezo yake yalikuwa makosa matupu. Nilibaki nikizunguka nyuma yake kusahihisha.

Akiwa kwenye mashine, muda wa saa nne amelala, vidole vyake havikutulia. Alichuna nyuzi za pembeni za blanketi kama anayechuna chai. Kidole gumba na cha shahada, tak, tak, anarusha juu ya bega, pale ambapo kikapu kingekuwa. Majani mawili na kichipukizi kimoja, hakuzidisha hata usingizini. Blanketi za hospitali ile zilibaki bila nyuzi.

Lakini nianze kueleza kilichonifanya nimkasirikie hivi, maana bado nina hasira naye.

Siku alipoletwa hali ilikuwa mbaya, hakukuwa na muda wa kubembelezana. Daktari alimwekea mrija. Unaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kulia, unashuka hadi karibu na moyo, na mkia wake wenye vichwa viwili unatokeza kifuani. Damu inatokea kichwa kimoja, inaoshwa, inarudi kwa kichwa kingine. Mrija huu unaokoa watu, na mimi siusemi vibaya. Ila ni kitu kigeni ndani ya mshipa, na damu ikikuta kitu kigeni inataka kuganda juu yake. Bonge likiziba mrija, mashine inakosa damu. Likiziba mshipa wenyewe, mkono unavimba, shingo inavimba. Na kipande kikimeguka kinakwenda kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa akiwa anaongea nawe. Ndiyo maana mrija ni wa kuanzia tu. Wakati mtu anautumia, daktari anamtengenezea njia nyingine mkononi: anaunganisha mishipa miwili, mmoja unapanuka na kupata nguvu, na baada ya wiki sita hivi tunachoma sindano hapo na mrija unatolewa.

Nilimweleza hayo wiki ya kwanza. Nikamweleza tena mwezi wa pili. Mkewe akayarudia kwa Kipsigis, daktari akayachora kwenye karatasi. Karani aliipokea ile karatasi, akatoa kalamu mfukoni, akanyoosha mistari ya daktari iliyopinda, akamrudishia.

"Mkono wa kulia ni wa kalamu," alisema. "Wa kushoto ni wa kikapu. Mnataka kuninyima gani?"

"Hakuna anayekunyima mkono, Karani. Ni usibebe mzigo mzito na huo uliofanyiwa."

"Kuna mtu wa Chebunyo alifanyiwa hiyo kitu. Sai hawezi kuinua hata ndama."

"Unamjua huyo mtu?"

"Namsikia."

"Na wewe una ndama wa kuinua?"

"Si nitapata."

Miaka miwili! Miaka miwili nilimsikia huyo mtu wa Chebunyo. Kila nikifungua mdomo, mtu wa Chebunyo anaingia chumbani na ndama wake. Siku moja nilimwambia nitapanda gari niende Chebunyo nimtafute huyo mtu nimwone kwa macho. Karani akafikiria kidogo, akasema, "Ukienda, uliza pia bei ya mbuzi."

Mrija wa majuma machache ukawa wa miaka miwili. Kila baada ya kumwosha tuliujaza dawa ya kuzuia damu isigande ndani yake, tukaufunga, tukamwambia arudi Ijumaa. Ijumaa na Jumamosi ndizo zilizokuwa siku za lori kupitia majani kituoni kwao. Unadhani alikuja? Ijumaa moja anakuja, mbili haji. Mtu amestaafu, hakuna anayemngoja pale kituoni, kuna karani mpya na mizani ya umeme inayotoa risiti yenyewe. Lakini Karani alikuwa na mashina yake ya chai nyuma ya nyumba, na majani yakishachunwa ni lazima yaondoke siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mrija ulikaa wiki nzima bila kufunguliwa, na Jumanne mashine ikapiga kelele kwamba damu haitoki. Nikavuta, nikasukuma dawa, nikamgeuza ubavu, nikamkohoza. Yeye alitazama dari. "Labda mashine yenu ina njaa," alisema.

Hapo niseme kuhusu lori, maana humjui Karani kama hulijui lori lake. Lori la kiwanda lilifika saa tisa mchana na kuondoka saa kumi kasorobo. Aliyefika saa kumi alimkuta Karani amefunga kitabu. Karani alitazama majani yako, akayageuza vizuri kwa heshima yote, akakusifu. "Majani ni mazuri," alisema. "Lori limeenda." Ungelia, ungemtukana, ungemwambia mtoto wako mgonjwa, angekuambia tena kwa upole ule ule, majani ni mazuri, lori limeenda, na ungeyabeba majani yako mazuri hadi nyumbani ukayamwage. Watoto wa kijiji tulilichezea neno hilo. Chakula kikiisha sufuriani, ndugu yangu alinitazama akasema, lori limeenda.

Na kitu alichokichukia kuliko kuchelewa kilikuwa majani ya kushindiliwa. Ukiyasukuma majani kwenye gunia uyakanyage ili yaingie mengi, yanakosa hewa, yanapata joto, yanageuka mekundu. Siku moja, nilikuwa darasa la sita, mama alikuwa na haraka akashindilia. Karani alitia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akautoa, akanusa. Kisha akalimwaga lote chini, kwenye matope, mbele ya watu wote. "Yameungua," alisema. Tuliokota gunia tupu tukaenda zetu, na mimi niliapa njiani kwamba huyo mtu siku moja atanipita barabarani akiomba maji, sitampa.

Lakini ndiye huyo huyo, mwaka uliofuata, mto ulipofurika ukafunika daraja, mama akazunguka njia ndefu na kikapu mgongoni. Mimi nilikuwa nimetangulia kituoni na gunia dogo. Saa kumi kasorobo ikafika, dereva akawasha injini. Karani alifunga kitabu. Kisha, badala ya kuingia kibandani, alitembea hadi katikati ya barabara, akasimama mbele ya lile lori, akanyoosha mikono yote miwili kama anazuia ng'ombe. Dereva akapiga honi. Karani hakutikisika. Alisimama hivyo hadi mama alipotokea kwenye kona amelowa hadi kiunoni. Alipima majani, akakata kilo mbili za maji, akaandika. Mama alipotaka kumshukuru alimkatiza, "Lori liliharibika kidogo." Hakikuharibika kitu. Na hakufanya vile tena kwa mtu yeyote, wala hakutaka litajwe. Nilimkumbusha mara moja akiwa kwenye mashine, akasema hamkumbuki mama huyo.

Basi mtu kama huyo unamfanya nini? Umchukie, umemkosea. Umpende, anakutia wazimu kabla ya saa sita.

Sasa nifike kwenye Jumanne ile. Jua lilikuwa kali na Karani alikuja amevaa koti la mvua. Akaikagua mizani kama kawaida, akavua kofia, akavua saa akanipa. Nilishaondoka hatua mbili ndipo nikasimama. Saa ameivua kutoka mkono wa kushoto.

"Karani, saa yako imehama."

"Imetaka kutembea."

"Vua koti."

"Kuna baridi."

Nikamvua mimi. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba kutoka begani hadi kwenye vidole, ngozi inang'aa, na juu ya kifua mishipa midogo ya bluu imejichora mahali ambapo sijawahi kuiona. Na kuanzia begani, ikipita juu ya mrija, ikizunguka hadi chini ya kwapa, kulikuwa na alama ya mkanda, nyekundu, imezama kwenye nyama. Nikamuuliza ni nini. Mkewe, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, ndiye aliyesema, na alisema akilia.

"Ni mpira, sista. Anafunga na mpira."

Kule kwetu kila kitu hufungwa na mpira. Tyubu ya ndani ya gurudumu ikichakaa inakatwa vipande virefu: ya kufunga midomo ya magunia, ya kufunga mlango wa zizi, ya kushikia kikapu kisicheze mgongoni. Karani aliogopa mrija usije ukanasa kwenye matawi ya chai ukang'oka wakati anachuna. Kwa hiyo kila siku ya kuchuna aliufunga. Aliulaza kifuani, akaukaza kwa mpira kuzunguka bega, akavuta hadi akaridhika, kisha akatundika kikapu juu yake. Tangu mwaka uliopita! Siku za kuja kwetu aliufungua, na alama nilizoziona mara mbili tatu aliniambia ni za suruali ya kamba za mabegani. Nikaamini. Hilo najilaumu mpaka leo, maana sijawahi kumwona na suruali ya aina hiyo.

Mkono ulikuwa umeanza kuvimba Ijumaa. Badala ya kuja, aliitiwa mama mmoja mkandaji kutoka Siongiroi, akamkanda mkono kwa mafuta ya kondoo siku tatu. Bonge la damu limekaa ndani ya mshipa na mtu analikanda kwa vidole gumba! Niliketi chini kwenye kiti cha mgonjwa. Nilisema maneno ambayo muuguzi hatakiwi kuyasema, na baadhi niliyasema kwa Kikisii ili nisifukuzwe kazi.

Picha ya mshipa ilionyesha bonge, refu, kutoka shingoni kuelekea begani. Daktari alisema mrija peke yake, kwa miaka miwili, ulitosha kuleta hilo. Kuruka siku na kujikaza na mpira kulisaidia tu. Akaanzishiwa dawa ya kulainisha damu. Mrija uliachwa kwa sababu bado ulipitisha, na kwa sababu hakukuwa na pengine pa kumwoshea. Daktari akamwambia waziwazi: upande wa kulia umeharibika. Umebaki wa kushoto. Tufanye mkono wa kushoto wiki hii, kila siku unayongoja unacheza na maisha yako.

Karani akasikiliza yote. Kisha akasema, "Na kikapu?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa jiko la hospitali hadi nilipopoa.

Jumamosi sikuwa kazini. Nilikwenda kwake asubuhi, bila kualikwa. Nilimkuta wapi? Kwenye chai, mkono wa kulia umevimba, anachuna kwa wa kushoto, kikapu mgongoni, na mpira kifuani. Hakushtuka hata kidogo. "Karibu, sista. Chai iko jikoni."

Nilimvua kikapu, nikamfungua ule mpira. Nikachukua gunia la nailoni lililokuwa kwenye ua, nikamimina majani yote ya asubuhi ndani yake, nikayakanyaga. Kwa goti, kisha kwa mguu mzima na kiatu changu.

"Unafanya nini?" Sauti yake ilipanda. "Unaua majani!"

"Ndiyo."

"Sista! Hayo ni majani mazuri!"

Nilifunga mdomo wa gunia kwa mpira wake mwenyewe, nikavuta mpaka mpira ukalia. Nikaliweka juani kando ya kiti chake. "Halifunguliwi mpaka baada ya chakula cha mchana," nikamwambia. "Ukilifungua, sikuoshi Jumanne." Ulikuwa uongo, na natumaini Mungu aliuelewa.

Sijawahi kuona mtu akiteseka vile. Mkewe alituletea chai, tukaongea habari za kanisa na za mahindi, na Karani hakusikia hata moja. Alilitazama gunia. Alisimama, akakaa. Aliligusa kwa nje akaondoa mkono haraka, kwa sababu lilishaanza kupata joto. "Mama," alimwambia mkewe, "ambia huyu mtoto wa watu afungue." Mkewe alimwongezea chai, nusu kikombe, kipimo nilichomruhusu, akajibu, "Kunywa."

Baada ya chakula nilimwambia afungue mwenyewe. Alifungua kwa mkono wa kushoto na meno. Mvuke ulimpiga usoni. Alitia mkono hadi kwenye kiwiko, kama siku ile na gunia la mama, akatoa konzi moja. Majani yalikuwa yamelegea, mekundu pembeni, yananuka. Alinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ni rijekti, ya kumwaga," alisema.

"Hiyo ni asubuhi moja tu. Wewe umejikaza tangu mwaka jana."

Aliyaweka yale majani chini, moja moja. Aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ameletewa na mkulima. Kuku walikuja wakadonoa pembeni ya gunia, wakaondoka. Kisha akasema, bila kunitazama, "Andika jina langu. Kushoto."

Alifanyiwa upasuaji Alhamisi iliyofuata. Na hapo, kama mnadhani nilipata raha, hamkumjua. Mtu aliyekuwa hasikii lolote sasa akawa anasikia kupita kiasi. Tulimwambia asibebe mzigo na mkono wa kushoto. Akakataa hata kubeba kikombe. Tulimwambia asiulalie, akalala ameketi. Mchungaji alipotaka kumsalimu kwa mkono kanisani, Karani alimpigia kelele mbele ya waumini. Mshipa ukiunganishwa vizuri unanguruma ukiugusa, na nilimwambia auguse asubuhi na jioni ahakikishe. Alinunua daftari. Asubuhi: unanguruma. Jioni: unanguruma. Kila Jumanne, na sasa kila Ijumaa, maana lori lilikuwa limesahauliwa kabisa, aliniletea daftari niweke sahihi. Nikikataa, mashine haiwashwi. Mkewe ndiye aliyebeba kikapu, na Karani alisimama ukingoni mwa shamba akimwambia majani yapi amekosea.

Wiki sita ndizo tulizohitaji. Tulipata nne. Wiki ya nne, Jumatatu asubuhi, alikosa pumzi akiwa anavaa shati. Kipande kilikuwa kimemeguka, dawa au si dawa, kikaenda kwenye mapafu. Alikufa Jumatano. Naandika hivi wazi kwa sababu nimechoka na watu wanaosema aliitwa. Hakuitwa. Alichelewa, na nilimwambia kwa miaka miwili, na kama angekuwa hapa ningemwambia tena kwa sauti ya juu zaidi.

Nilimwona Jumanne, mchana, wodini. Nilikwenda na hasira yangu yote nikiwa nimeipanga vizuri. Alikuwa na hewa ya mtungi usoni, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto, mzito, umevimba. Wa kushoto ulikuwa kifuani na daftari chini yake. Mkewe alinipisha kiti akaenda kutafuta maji. Karani aliisogeza ile barakoa ya hewa pembeni ili aongee, nikairudisha, akaisogeza tena.

"Chamgei, sista."

"Chamgei. Rudisha hiyo kitu."

"Kwanza gusa."

Niliweka kiganja juu ya mkono wake wa kushoto, pale kwenye kovu. Nimegusa mikono mingi ya namna hiyo. Mingine inanguruma kwa kusitasita, mingine inabidi uitafute. Huu haukuhitaji kutafutwa. Ulikuwa mshipa mpana, ulionyooka, wenye nguvu, mshipa ambao muuguzi yeyote angefurahi kuuchoma. Ulihitaji wiki mbili tu.

Alinitazama usoni akaona nimeona.

"Majani ni mazuri," alisema. Akavuta pumzi. "Lori limeenda."

Hasira niliyoipanga ikatoka ovyo. "Wacha hayo, Karani. Wacha kabisa. Wewe uliwahi kulisimamisha. Ulisimama barabarani ukalisimamisha, nilikuwepo, nilikuona kwa macho yangu. Usiniambie lori limeenda."

Nilidhani atasema tena kwamba hamkumbuki mama huyo. Badala yake aliuangalia mkono wa kulia juu ya mto, kisha wa kushoto uliokuwa chini ya kiganja changu, ambao nilikuwa nimemkataza kuuinua.

"Mama yako alilowa sana siku hiyo," alisema. "Lakini mimi, sista, nilikuwa na mikono miwili."

Nilimrudishia barakoa usoni, na safari hii akaiacha. Kiganja changu sikukiondoa. Mshipa ulinguruma chini yake, vizuri, vizuri kabisa, na nilimkasirikia kuliko siku nyingine yoyote niliyomjua.